Rupia ya Dhahabu ya Shangazi

Shangazi yangu wa Ushirombo alikuwa na rupia moja ya dhahabu, na kwa miaka mingi tuliojua habari hiyo tulikuwa watatu tu: yeye, mwanawe, na mimi. Laiti tungebaki hivyo.

Mimi ni fundi saa. Saa siku hizi hazimlishi mtu, kwa hiyo natengeneza na simu, katika kibanda karibu na soko mjini Shinyanga. Lakini ugonjwa wangu ni sarafu za zamani. Nilianza utotoni, na senti hamsini zenye sungura ambazo watu wazima walikuwa wakizitupa kwa kuwa hazinunui kitu tena. Baadaye nikapata za Mwingereza zenye tundu katikati, zile ambazo bibi zetu walizitunga kwenye kamba, kisha heller za Mjerumani zilizoota ukungu wa kijani. Wateja wangu wakishanizoea huniletea: huyu kaokota shambani akilima pamba, yule kaikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake. Naziweka kwenye makopo chini ya meza. Mke wangu anaziita "vyuma vyako", na hajawahi kukosea sana.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Baba hakuweza kutulea peke yake. Kaka yangu mkubwa alibaki naye, mimi nikapelekwa kwa dada yake Ushirombo. Shangazi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, aliyenizidi miaka miwili. Tulilala kitanda kimoja, tukachunga mbuzi walewale, tukachapwa kwa makosa yaleyale. Yule mtoto alipewa jina la babu yetu, baba yake shangazi, kwa hiyo shangazi alimwita "baba" tangu akiwa mchanga. "Baba, umekula?" "Baba, shuka kwenye mwembe." Mgeni aliyesikia alicheka, sisi tulizoea.

Rupia ile ilitoka kwa babu huyo. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, yeye akiwa kijana, Mjerumani alibanwa akakosa fedha, akaanza kugonga sarafu zake mwenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke. Babu hakufanya kazi karakanani. Alikuwa na mbuzi. Siku Wajerumani walipokuwa wanauacha mji, askari mmoja mwenye njaa alimkuta njiani, akamwambia, "Chukua hii, nipe mbuzi." Babu alirudi nyumbani bila mbuzi, akapigwa na baba yake. Ndivyo shangazi alivyosimulia, na kila mara alicheka hapo kwenye kupigwa.

Niliiona kwa mara ya kwanza siku mwanawe alipopata kipaimara. Tulirudi kutoka kanisani, tukala wali na kuku, kisha shangazi akaingia ndani akatoka na kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi wa katani. Akaukata uzi kwa meno. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini nzito, na njano yake haikufanana na njano ya kitu kingine chochote mle ndani. Upande mmoja tai. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, na herufi T ndogo. Shangazi aliiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Hii ni yako, baba," alisema. "Uliniachia. Nakutunzia tu."

Alisema kama mtu anayezungumza na baba yake mzazi kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliona wivu. Naamini sarafu zote nilizokusanya baada ya hapo zilikuwa za kuutuliza ule wivu.

Alipofika miaka ishirini na minne, mwanawe alikwenda machimboni, upande wa Geita. Machimbo yenyewe sitayataja, na sababu itaeleweka mbele. Siku ya kuondoka alinitania. Alisema, "Ile rupia iko peke yake, naenda kuitafutia ndugu zake." Alikuwa na mchumba. Shangazi alimfungia karanga za kukaanga kwenye mfuko wa nailoni, akasimama barabarani mpaka lori likapotea.

Miezi saba baadaye duara lao lilititia. Duara ni lile shimo la wachimbaji wadogo, linaloshuka wima kama kisima na kuzuiwa kwa magogo yasibomoke. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa amepanda juu kuchukua magogo, watano wakafukiwa. Watu walichimba siku tatu. Siku ya nne udongo ulimeguka tena ukataka kuwachukua na waokoaji, kazi ikasimamishwa. Misa ya kumwombea ilisomwa Ushirombo bila jeneza. Wazee wa ukoo wakashauri tuzike mgomba badala ya mwili, ili mama apate mahali pa kulilia. Shangazi alikataa.

"Mimi sikuzaa mgomba," alisema.

Hakuwa na kaburi la kupalilia. Sikukuu ya marehemu wote, wenzake walipokwenda makaburini na mishumaa, yeye alibaki nyumbani akipepeta mahindi. Nilimwona hivyo mwaka baada ya mwaka, nikawa simsemeshi siku hiyo.

Nilioa, nikahamia Shinyanga. Kisha simu zikaleta makundi ya wakusanyaji, nami nikajiunga na moja. Tulikuwa watu wa Mwanza, Dodoma, Arusha, Tanga. Mtu akiweka picha ya sarafu, wengine wanaisifia au wanamwambia ni ya bandia. Humo ndani kila mtu alikuwa na ile anayoililia, na wengi wetu tuliililia moja: tembo wa dhahabu wa Tabora. Tuliizungumza kama watu wanavyozungumza mvua. Mzee mmoja mstaafu wa Mwanza, mtu mpole, alikuwa na albamu yenye kila sarafu ya Mjerumani iliyopita nchi hii isipokuwa hiyo. Aliwahi kutuma picha ya ukurasa wenye nafasi moja tupu. "Nitakufa nikiitazama nafasi hii," aliandika.

Mimi nilisoma nikanyamaza. Nilinyamaza miaka miwili, na kunyamaza huko kulinikereketa.

Pasaka moja nilikwenda Ushirombo. Nilikuwa na lenzi yangu ya kutengenezea saa mfukoni. Nilimwomba shangazi niitazame ile rupia, akakubali bila kusita, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wake. Nilitoka nayo mlangoni penye mwanga. Kupitia lenzi niliona mikunjo ya ngozi ya tembo, na mikwaruzo midogo ambayo huenda ni ya kucha za babu. Nikapiga picha, pande zote mbili.

"Unapiga ya nini?" aliuliza.

"Ya kumbukumbu tu, shangazi."

Basi letu lilikuwa halijafika hata Kahama nilipoiweka picha kwenye kundi. Na kwa kuwa kuna mmoja aliyeandika "umeiba mtandaoni", nikajibu kwa hasira: "Iko kwa shangazi yangu, Ushirombo. Nimeishika leo kwa mkono wangu."

Sijui nieleze vipi furaha ya saa ile. Simu ilitetemeka mpaka betri ikaisha. Yule mzee wa Mwanza alinipigia kesho yake. "Kijana wangu, mimi naitafuta tangu nina nywele kichwani. Kama mama atakubali kuiachia, nauza kiwanja changu cha Nyegezi." Nilimwambia mama hataiachia. Alisema anaelewa, na nadhani alielewa kweli. Hakunisumbua tena.

Lakini picha ilikwishatoka mikononi mwetu. Ilipita kundi moja hadi jingine, ikiongezewa maneno njiani: kwamba si moja ila ni chungu kizima, kwamba Mjerumani alikifukia chini ya nyumba ya bibi mmoja. Kwetu huko habari ya mali ya Mjerumani ikianza kusemwa, watu wazima wenye akili zao hushika sururu. Watu wawili waliovaa vizuri walifika kwa shangazi na gari, wakasema wanatoka ofisi fulani na wanaandikisha vitu vya kale. Aliwaambia hana. Jumapili iliyofuata, akiwa misani asubuhi, watu waliingia kwake. Alikuta mashimo matatu: jikoni kwenye mafiga, chini ya kitanda, na pale uani chini ya mwembe ambao mwanawe alikuwa akiupanda. Hawakupata kitu. Kifuko kilikuwa kifuani mwake, kimefungwa kwenye pindo la kanga ya ndani.

Alipanda basi akaja Shinyanga. Nilimpokea stendi, amevimba miguu, anahema. Tulipofika nyumbani alikataa chai. Alinieleza mambo yote, kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Mwanangu, hawa watu wamejuaje?"

Ningeweza kudanganya. Mke wangu alikuwa ananiangalia.

"Ni mimi, shangazi," nilisema. "Ile picha. Niliwaonyesha watu."

Nilingoja anilaani. Alichosema ni hiki tu: "Kumbe ni wewe," halafu akaomba kulala.

Nilimpeleka hospitali ya Kolandoto. Walimpima kwa uangalifu, wakasema moyo umechoka, wakamwandikia dawa na kutuambia asifanye kazi nzito. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa, nilimweleza yote, hata habari ya mzee wa Mwanza na kiwanja chake, naye akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Huyo mzee wa Mwanza anayeitaka. Anachotoa kinaweza kumtoa baba kule chini?"

"Vipi, shangazi?"

"Kuwalipa wachimbaji. Wamtoe nimzike. Kwa hilo nitaiuza. Kwa jingine, siuzi."

Nilisema nitauliza. Moyoni nilijua ni vigumu, lakini sikuwa na haki tena ya kumwambia hapana. Nilimtafuta yule mchimbaji wa sita, aliyepona kwa kuwa alifuata magogo. Nilimpata baada ya wiki mbili za kupiga simu hapa na pale. Bado alikuwa palepale machimboni, sasa akisimamia karasha, mashine ya kusagia mawe. Alisema, "Mlete mama. Mambo haya hayazungumzwi kwenye simu."

Tulikwenda. Nilimwambia shangazi abaki, nitaongea kwa niaba yake, yeye akajitanda kanga akatangulia stendi. Tulifika saa nne asubuhi, jua likiwaka, vumbi la makarasha limepaka weupe kila kitu hadi kope za watu. Yule mchimbaji alikuwa Msukuma mrefu, mkono mmoja haunyooki vizuri. Alipiga goti mbele ya shangazi kabisa, kwenye vumbi, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiye mimi, mayu. Tulikuwa tunalala turubai moja."

Alituongoza kwa miguu, taratibu, akimshika shangazi mkono. Tulipita maduara mengi yanayofanya kazi, kisha tukafika mahali palipotulia, vifusi vya zamani vilivyoota majani. Katikati kulikuwa na shimo pana lililojaa maji ya kijani, kingo zake zimebomokabomoka. Limezungushiwa matawi ya miiba, mbuzi wasitumbukie.

"Ni hapa," alisema.

Shangazi aliketi kwenye jiwe. Nilimweleza yule mchimbaji kuna mnunuzi, kuna fedha, na tunachotaka. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha hakunijibu mimi, alichuchumaa mbele ya shangazi.

"Mayu, nikikudanganya nitakula hela yako na Mungu ataniona. Wapo ambao watakubali. Watakuja na pampu, watavuta maji mwezi mzima, watakuambia bado kidogo. Lakini udongo wa hapa umeoza. Sisi tulikuwa mbali sana chini, na tulichimba kwenda pembeni, hata mimi sijui tena upande upi. Nikimshusha mtu humu kumtafuta baba yako, nitakuletea msiba wa mama mwingine."

Alisema "baba yako". Bila shaka walipokuwa wakilala turubai moja, marehemu alimsimulia mama yake anavyomwita.

Shangazi alisikia hilo, na hapo ndipo alipolia. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya misa. Alilia kwa sauti, akiliita jina la mwanawe, jina lenyewe ambalo hakuwahi kulitamka kwa kuwa lilikuwa la baba yake. Wachimbaji waliokuwa mbali waliacha kazi. Sisi wawili tulisimama tu, hatukujua pa kuweka mikono.

Alipotulia alimuuliza yule mchimbaji, "Siku ile alikuwa amekula?"

"Alikula, mayu. Tulikula ugali na dagaa wa Nkome. Yeye alimaliza mboga, tukagombana."

Alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Kisha akaniomba nimwinue. Alifungua pindo la kanga, akaukata uzi wa kile kifuko kwa meno kama zamani, ingawa safari hii ilimchukua muda, meno yalikuwa yamepungua. Nilidhani anataka kumwonyesha yule mchimbaji. Alisogea ukingoni, mimi nimemshika kiuno kwa hofu, akanyoosha mkono juu ya miiba.

"Baba," alisema, "nimechoka kukutunzia. Pokea."

Akaiachia. Sikusikia mlio wowote wa maana. Maji yalijifunga juu yake.

Nitasema ukweli wangu, kwa kuwa hakuna atakayenihukumu zaidi ya nilivyokwisha kujihukumu. Kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa huruma. Mkono wangu ulikwenda mbele wenyewe, kama wa mtu anayetaka kudaka. Shangazi aliona. Aliutazama mkono ule mpaka nikaurudisha.

Tulikaa hapo, tukasali rozari, yule mchimbaji akiitikia ingawa si Mkatoliki. Kabla hatujaondoka shangazi alitufanya tuape sisi wawili: jambo lile lisisemwe mahali popote wakati yeye yu hai, na hata akifa lisisemwe Ushirombo, maana wapo ambao wangeshuka mle shimoni kwa ajili ya tembo ambao wasingeshuka kwa ajili ya watu watano. Tuliapa. Mchimbaji alimwambia, "Wabeja, mayu," yaani asante, na sikuelewa ni asante ya nini, labda ya kuja.

Mzee wa Mwanza nilimwambia imeibwa. Alinipa pole, akasema nyingine niibebe nimpelekee mama. Nilijitoa kwenye kundi siku hiyo. Nimesikia mzee huyo alifariki, na kwamba watoto wake waliiuza albamu kipandekipande.

Shangazi aliishi mwaka mmoja na ushei. Tangu siku ya machimboni alilala vizuri, hilo alinieleza mwenyewe, na sikukuu ya marehemu iliyofuata aliwasha mshumaa mlangoni kwake. Nami alinisamehe, kwa maana kwamba hakuacha kunipigia simu na kuwaulizia watoto wangu. Lakini nilipokwenda kumtembelea hakunituma tena niingie chumbani kwake kumletea kitu, kama alivyonituma tangu utoto. Alijiinua mwenyewe, na miguu yake ile iliyovimba, akaenda, akarudi.

Alifia Kolandoto, nimemshika mkono. Tulimzika Ushirombo.

Siku ya kumaliza matanga ukoo uliketi kugawa vitu vyake: mbuzi, cherehani, vitenge, na shamba. Kisha kaka yangu, mkubwa wa ukoo kwa sasa, akauliza mbele ya watu wote, "Na ile rupia?"

Kila mtu alinigeukia. Picha walikwisha kuiona, wote. Walijua nani aliipiga, nani alimuuguza marehemu, na nani anayependa sarafu kuliko chakula.

"Sinayo," nilisema.

"Sikukuuliza kama unayo. Nimeuliza iko wapi."

"Alijua mwenyewe alipoipeleka."

"Na wewe hujui?"

Nilikuwa nimeapa. Kisha kaka akasema, kwa sauti ya chini ambayo iliniumiza kuliko ukelele, "Yule mama alikulea wewe. Hakunilea mimi. Na wewe ndiye uliyemwibia." Hakuna aliyenitetea. Mke wangu, ambaye hata yeye sikuwahi kumweleza, aliinama akatazama mikono yake.

Sasa yule mchimbaji naye ameondoka duniani, kwa mapafu. Machimbo yenyewe yamebadilika. Vifusi vya mashine vimefunika maduara yote ya zamani, hata nikipelekwa leo siwezi kuonyesha mahali. Ndiyo maana naandika, bila jina la mtu wala la machimbo.

Kaka yangu nilikutana naye mwezi uliopita stendi ya Kahama, mimi nashuka, yeye anasubiri basi la Ushirombo. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimnunulia maji, akapokea. Tulisimama pamoja tukitazama watu wakipakia magunia ya mpunga. Amezeeka, ana mvi mpaka kwenye nyusi. Basi lake lilipofika aliweka mguu kwenye ngazi, akageuka.

"Mimi siitaki tena," alisema. "Niambie tu kama uliiuza kwa mtu mwema."

Nilifungua mdomo. Kondakta akampigia kelele apande, abiria walikuwa wengi, akapanda.